Utatuzi wa Matatizo ya Kamera katika Studio Ndogo ya Kunasa Mwendo

Studio inayozungumziwa hapa ni chumba cha mita 7 kwa 6 jijini Dar es Salaam cha kurekodi mwendo wa mwili kwa kompyuta, chenye kamera 8 za infraredi zilizofungwa chini kidogo ya dari, kompyuta moja, na mwigizaji aliyevaa suti nyeusi iliyobandikwa vitufe, yaani vimpira vidogo, vya kuakisi. Kila kamera imezungukwa na duara la taa ndogo zinazomulika kwa mwanga wa nanomita 850, ambao jicho huuona kama wekundu hafifu tu. Kitufe kikipigwa na mwanga huo huurudisha ulikotoka, kama inavyofanya tepe ya kizibao cha mwendesha bodaboda inapomulikwa na taa za gari usiku, na kamera hukiona kama doa jeupe juu ya giza. Kamera mbili zikiliona doa hilohilo kwa wakati mmoja, programu inaweza kukokotoa mahali kitufe kilipo. Kazi yote inasimama juu ya mambo mawili: doa lionekane safi, na kamera ibaki palepale ilipokuwa wakati wa kalibresheni, yaani hatua ya kuifundisha programu kila kamera iko wapi na inatazama wapi.

Nimeendesha chumba cha aina hii kwa muda wa kutosha kuona kwamba hitilafu ambazo watu huzilaumu kamera au programu kwa ajili yake, mara nyingi ni hitilafu za chumba: dirisha, sakafu, kebo, feni, bano lililolegea. Ndiyo maana kila dalili hapa chini inaanza na ukaguzi wa chumba kabla ya kugusa mipangilio. Na kabla ya yote, nakuomba usifanye kalibresheni upya kabla hujajua kilichoharibika. Kalibresheni mpya huweza kuiondoa dalili kwa saa moja au mbili na kufuta ushahidi wa chanzo chake, kisha tatizo likarudi katikati ya kurekodi, mwigizaji akiwa amekwisha kuchoka. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, andika kwenye daftari ulichobadilisha, kisha tazama.

Kamera moja haionekani kwenye programu

Chanzo cha kawaida zaidi ni kebo ambayo haikukaa vizuri. Tazama taa ndogo ya mlango wa swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha kamera na kompyuta. Ikiwa haiwaki, chomoa kebo pande zote mbili na uichomeke tena mpaka usikie kichwa chake kikijifunga. Isipofaulu, fanya jaribio la kubadilishana: chukua kebo ya kamera jirani inayofanya kazi, uichomeke kwenye kamera iliyopotea. Ikiamka, mgonjwa ni kebo ya awali au mlango wake wa swichi. Ikibaki kimya, kamera yenyewe ndiyo ya kushukiwa. Jaribio hili la dakika mbili limeniokolea siku nzima za kubahatisha, na utaona nalirudia katika dalili nyingine.

Chanzo cha pili ni umeme usiotosha. Kamera nyingi za sasa hupokea umeme na data kupitia kebo ileile ya mtandao. Kwa kiwango cha IEEE 802.3af, mlango mmoja wa swichi hutoa hadi wati 15.4, na kwa 802.3at hadi wati 30. Tatizo ni kwamba swichi pia ina kikomo cha jumla. Swichi ya milango 8 ambayo jumla yake ni wati 60 haiwezi kulisha kamera 8 zinazotaka wati 10 kila moja, hata kama kila mlango peke yake unaruhusu wati 15.4. Dalili yake haina mfano: kamera za kwanza zinawaka, ya saba inakataa, na ukichomoa mojawapo ya zile za mwanzo, ya saba inaamka papo hapo. Hapo usihangaike na kamera; tafuta swichi yenye uwezo mkubwa zaidi.

Chanzo cha tatu ni kebo mbovu tangu kutengenezwa. Niliwahi kuuziwa boksi zima la mita 305 ambalo waya zake zilikuwa alumini iliyopakwa shaba juu juu. Data ilipita, lakini umeme ulipungua njiani, na kamera za mbali zilikuwa zikijizima zikipata joto. Kwangua ncha ya waya kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani, ilhali alumini hung'aa weupe. Kwa kamera za USB 2.0, kumbuka pia kwamba kebo ya kawaida haipaswi kuzidi mita 5. Ukihitaji umbali zaidi, tumia kebo ya kurefushia yenye kikuza-mawimbi ndani yake, ile aliyoidhinisha mtengenezaji wa kamera.

Ikiwa zilizopotea ni kamera zote kwa pamoja, acha kamera na urudi kwenye kompyuta. Hakikisha ufunguo wa leseni umechomekwa, kadi ya mtandao iko kwenye anwani za IP za familia moja na kamera, na ulinzi wa mtandao wa Windows hauzuii programu. Mara nyingi ulinzi huo hujirudisha baada ya sasisho la mfumo.

Simama hapa na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikiwa unasikia harufu ya kuungua, ikiwa swichi ina joto kiasi kwamba mkono haukai juu yake, au ikiwa mtu amehisi kupigwa shoti alipogusa bomba la chuma linalobeba kamera. Zima umeme kwenye swichi kuu kwanza. Soketi isiyo na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) inayofanya kazi huweza kuweka umeme kwenye fremu yote ya chuma ndani ya chumba, na hilo si la kujaribu kurekebisha mwenyewe ukiwa juu ya ngazi.

Kamera zinaonekana, lakini fremu zinapotea

Dalili ni mwendo unaoruka, au onyo la programu kwamba fremu kadhaa hazikufika. Chanzo cha kwanza huwa ni sisi wenyewe: tumeziacha kamera katika hali ya kuonyesha picha kamili ya kijivu. Kamera ya pikseli 1280 kwa 1024 ina pikseli milioni 1.3, ukihesabu baiti moja kwa kila pikseli, kwa fremu 120 kwa sekunde, unapata takriban megabaiti 157 kila sekunde kutoka kwenye kamera moja tu. Kebo ya mtandao wa gigabiti 1 hubeba megabaiti 125 kwa sekunde. Ndiyo maana wakati wa kurekodi kamera huchakata picha ndani yake na kutuma mahali pa madoa peke yake. Tumia picha ya kijivu kwa kuelekeza kamera na kuweka fokasi, kamera moja baada ya nyingine, kisha rudisha zote kwenye hali ya kunasa vitufe.

Baada ya hapo, angalia kama swichi ya kamera imeunganishwa pia na ruta ya Wi-Fi, printa au kompyuta nyingine. Mtandao wa kamera unapaswa kuwa wa kamera pekee. Kisha zima mpangilio wa kompyuta wa kuokoa umeme, hasa ule unaolaza milango ya USB na kadi ya mtandao. Mwisho kabisa, fuatilia njia ya kebo: kebo ya data iliyofungwa pamoja na waya mkubwa wa kiyoyozi kwa mita kadhaa huweza kuvuruga mawasiliano kila kiyoyozi kinapowaka.

Madoa meupe yanaonekana pasipo na kitufe

Hii ndiyo dalili inayoulizwa kuliko zote, na ndiyo inayostahili subira kubwa zaidi. Toa nje ya chumba suti, fimbo ya kalibresheni (ile yenye vitufe inayopungwa mbele ya kamera) na boksi la vitufe, funga mlango, kisha tazama picha ya kila kamera. Chumba kitupu kinapaswa kuwa cheusi katika kamera zote. Kila doa linalobaki lina mwenyewe, na njia rahisi ya kumpata ni kutuma mtu atembee polepole akifunika kwa mkono kila kitu kinachong'aa, wewe ukitazama skrini mpaka doa lizimike.

Mwenyewe wa kwanza karibu kila mara ni tepe au rangi ya kuakisi iliyoingia na watu. Raba nyingi za mazoezi zina ukanda wa kuakisi kisiginoni, mabegi yana ukanda kwenye mikanda yake, na mara mbili nimetafuta "kamera mbovu" kwa nusu saa kabla ya kugundua kizibao cha bodaboda kilichotundikwa nyuma ya mlango. Miwani, saa, pete na zipu za chuma pia zimo. Weka kikapu mlangoni, na kila anayeingia aviache humo.

Wa pili ni kamera nyenzake. Kamera zilizotazamana huonana taa, na kila moja humwona mwenzake kama jua dogo. Zielekeze chini zaidi ili mstari wa katikati wa kila kamera uguse sakafu kabla ya kufika ukuta wa pili, na usizifunge zote kwa kimo kimoja. Kamera iliyo mita 2.4 juu ikitazamana na iliyo mita 3 ni rahisi zaidi kuzipatanisha kuliko mbili zilizo sawasawa.

Wa tatu ni jua, na hapa watu wa pwani yetu wanapaswa kuwa makini kuliko mtengenezaji anavyosema kwenye kijitabu chake. Mwanga wa jua umejaa infraredi, hivyo pazia jepesi linaloonekana kutia giza la kutosha kwa macho bado hupitisha mwanga mwingi kwa kamera. Isitoshe, jua halikai upande mmoja mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Desemba jua la adhuhuri hupita kusini mwa utosi, na mwezi Juni huinamia kaskazini kwa takriban nyuzi 30. Studio yenye madirisha ya kaskazini iliyofungwa Desemba itafanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa, kisha ianze kupata madoa ya adhuhuri katikati ya mwaka, na mtu ataapa kwamba hajagusa chochote. Atakuwa anasema kweli. Ziba madirisha kwa ubao, au kwa pazia zito lenye tabaka la kuzuia mwanga, na uzibe pia nyufa za kando. Balbu za zamani za nyuzi na zile za halojeni humwaga infraredi vilevile. Badala yake weka taa za LED nyeupe, ambazo hutoa kiasi kidogo sana cha mwanga huo.

Wa nne ni sakafu na kuta. Marumaru zilizopigwa dawa ya kung'arisha huakisi duara la taa za kamera iliyo upande wa pili. Kuta zetu nyingi zimepakwa rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno, nayo hufanya vivyo hivyo. Ubao mweupe wa kuandikia, skrini ya televisheni na fremu za alumini za madirisha huingia katika kundi hilo. Paka ukuta rangi ya maji isiyong'aa, tandika zulia au mikeka ya mpira isiyo na mng'ao, na uondoe au ufunike vilivyobaki. Angalizo moja ambalo limewagharimu wengi: kitambaa cheusi kwa macho si lazima kiwe cheusi kwa infraredi. Vitambaa vingi vya nailoni na poliesta vilivyotiwa rangi nyeusi huonekana vyeupe-vyeupe kwenye kamera. Kabla ya kununua mita 30 za pazia, omba kipande, ukiweke mbele ya kamera katika hali ya picha ya kijivu, na ujionee mwenyewe.

Étienne-Jules Marey alikutana na tatizo hilihili nchini Ufaransa katika miaka ya 1880. Alipotaka kupiga picha za mwendo wa binadamu, alimvika mtu nguo nyeusi zenye mistari myeupe kando ya viungo na kumpitisha mbele ya mandhari nyeusi. Giza la nyuma ndilo lililomwezesha kusoma mwendo. Hatujavuka hapo, tumebadilisha aina ya mwanga tu.

Chanzo cha nadra, lakini cha kweli, ni buibui. Utando mmoja mbele ya duara la taa huwaka kama wingu jeupe linalotikisika. Ondoa kwa brashi laini isiyogusa lenzi.

Ukishamaliza yote hayo ndipo utumie uwezo wa programu wa kuziba sehemu ya picha. Tambua gharama yake: pikseli ulizoziba haziwezi kuona kitufe tena. Madoa mawili madogo ya kamera jirani si neno. Lakini mtu anayeziba robo ya picha ya kila kamera ili kuepuka kununua pazia amejipunguzia kamera mbili bila kujua.

Vitufe vinafifia, vinakatika au havionekani mbali

Anza na kitufe chenyewe. Ngozi yake ya kuakisi imetengenezwa kwa chembe ndogo sana za kioo, na chembe hizo hufa kwa jasho, vumbi na mafuta ya kujipaka. Jaribio lake ni hili: shika tochi ya simu kando ya jicho lako, simama mita 3 mbali, na umulike kitufe kipya na cha zamani pamoja. Kizima kitawaka kama taa, kilichochakaa kitabaki kijivu. Tupa vilivyochakaa, na anayevibandika ashike shina, asishike tufe.

Chanzo kinachofuata ni fokasi. Iweke kwa kitufe kilichosimama umbali wa katikati ya eneo la kazi, ukiikuza picha mpaka kingo zake ziwe kali, kisha ukaze skrubu ya lenzi ili isijigeuze. Skrubu hiyo ikisahauliwa, mtetemo utaizungusha lenzi polepole kwa wiki kadhaa. Tundu la lenzi lililofunguliwa sana huingiza mwanga mwingi lakini hupunguza kina cha kuona wazi. Katika chumba kidogo, ambamo kitufe kinaweza kuwa mita 1.5 au mita 7 kutoka kwa kamera, hilo huonekana haraka.

Halafu angalia muda wa kupokea mwanga na kizingiti cha mwangaza, yaani kiwango ambacho chini yake programu hulipuuza doa. Kishawishi ni kuongeza muda ili vitufe vya mbali ving'ae. Lakini mkono unaorushwa kwa mita 5 kwa sekunde husogea milimita 5 ndani ya milisekunde 1, na kitufe cha duara hugeuka kuwa yai refu ambalo kitovu chake hakina uhakika. Kwa muda wa robo ya milisekunde, mkono huo husogea milimita 1.25 tu. Kwa hiyo ongeza kwanza nguvu ya taa, kisha shusha kizingiti kidogo kidogo huku ukitazama kama madoa ya chumba yanarudi. Muda uwe wa mwisho kuguswa.

Ikiwa bado vitufe vya mbali ni hafifu, piga hesabu ya pikseli. Kamera ya pikseli 1280 kwa upana, yenye lenzi inayoona nyuzi 56, hutazama upana wa takriban mita 6.4 ikiwa umbali ni mita 6, yaani kila pikseli hubeba milimita 5. Kitufe cha milimita 14 hapo ni pikseli 3 kwa shida, na kitufe cha milimita 4 cha usoni hakipo kabisa. Hakuna mpangilio wa programu utakaokibadilisha kipimo hicho. Sogeza kamera karibu au tumia vitufe vikubwa.

Kamera moja ikififia peke yake, itazame kupitia kamera ya simu: simu nyingi huona taa zake kama zambarau. Nusu ya duara ikiwa imezimika, taa zimekufa. Usifungue kasha. Vivyo hivyo kwa ukungu au nyuzi nyeupe zinazoonekana ndani ya lenzi. Unyevu wa pwani huotesha kuvu kwenye vioo, nayo husafishwa na mtaalamu wa lenzi tu. Vumbi la nje lipulize kwa pampu ya mkono, kisha upanguse kwa kitambaa maalumu cha lenzi, si kwa pindo la shati.

Usiruhusu mtu yeyote kuzikodolea macho kwa karibu taa zinazowaka, hasa watoto wanaopenda kuzichungulia. Mwanga huo ni mkali kuliko unavyoonekana, na kwa kuwa jicho haliuhisi vizuri, halijikingi kwa kupepesa.

Kalibresheni inakataa au inatoa hitilafu kubwa

Chumba cha ukubwa huu, kikiwa safi, kinapaswa kutoa wastani wa hitilafu ulio chini ya milimita 1. Usipoupata, chanzo cha kwanza ni madoa yaliyobaki chumbani, na dawa yake umekwisha kuisoma. Cha pili ni namna fimbo ilivyopungwa. Wengi husimama katikati na kuizungusha kwa haraka kama wanaofukuza nyuki. Tembea polepole, uishushe hadi karibu na sakafu, uinyanyue hadi kimo cha mikono iliyoinuliwa, uipitishe kwenye kila pembe ambayo mwigizaji atafika, na uhakikishe kila kamera imepata sampuli zake. Kamera iliyonyimwa sampuli itawavuta wengine wote kwenye makosa.

Cha tatu ni kamera zilizopangwa vibaya. Mistari ya kuona ya kamera mbili ikikutana kwa pembe nyembamba, kosa dogo la pikseli hugeuka kosa kubwa la kina. Pembe za kati ya nyuzi 60 na 120 ndizo zinazofaa, kwa hiyo kamera 5 kwenye ukuta mmoja na 3 kwenye ukuta wa pili ni mpango dhaifu hata kama picha zote ni safi.

Upo mtego mwingine unaostahili kutajwa peke yake, kwa sababu programu haiuoni. Urefu wa fimbo ulioandikwa kwenye mipangilio ukitofautiana na fimbo uliyoishika, hitilafu itasomeka ndogo na nzuri, lakini ulimwengu wote utakuwa na kipimo cha uongo. Ukishika fimbo ya milimita 250 huku programu inaamini ni 500, mtu wa mita 1.70 atatoka na urefu wa mita 3.40. Pima urefu wa mwigizaji kila baada ya kalibresheni. Na fimbo iliyoanguka sakafuni ikapinda, hata kidogo, usiinyooshe kwa mkono. Nunua nyingine au uirudishe kwa mtengenezaji ipimwe.

Asubuhi kila kitu sawa, mchana kitufe kimoja kinaonekana viwili

Hapa kamera imesogea. Katika kamera niliyoieleza hapo juu, pikseli moja ni nyuzi 0.044 tu, na kamera inayogeuka kwa nyuzi 0.1 inakosea karibu milimita 9 kwa umbali wa mita 5. Mgeuko huo hauonekani kwa macho. Unaonekana kwa kitufe kilichogawanyika.

Chanzo cha kawaida zaidi ni joto. Kamera hupata moto baada ya kuwashwa, na chuma kinachozibeba hufuata joto la chumba. Bomba la alumini la mita 6 hurefuka takriban milimita 1.4 joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi. Washa kiyoyozi na kamera angalau nusu saa kabla ya kalibresheni, saa nzima ikiwezekana, na usibadilishe kiyoyozi tena mpaka kazi iishe. Ninajua gharama ya umeme inavyouma, lakini kukizima wakati wa chakula cha mchana ndiko kunakoharibu mchana.

Chanzo cha pili ni bano lililolegea, na hupatikana kwa kugusa: gonga kila kamera kwa kidole, ukitazama picha yake. Ikirudi palepale, ni nzima. Ikihama hata kidogo, kaza. Cha tatu ni kebo inayoning'inia na kuivuta kamera kwa uzito wake; ifunge kwenye bomba sentimita 20 kabla ya kufika kamera. Cha nne ni mtu: ngazi iliyogusa, mpira uliopigwa, msafishaji aliyepangusa vumbi kwa moyo mwema. Umeme ukikatika na kurudi, kwa upande mwingine, haulazimishi kalibresheni mpya, kwa kuwa programu nyingi huihifadhi kwenye faili la kompyuta. Subiri kamera zipate joto tena, kisha ukague kwa kitufe kimoja kilichosimama katikati ya sakafu.

Ikiwa kamera zimefungwa kwenye dari ya jipsamu, acha kazi. Ubao wa jipsamu haukutengenezwa kubeba mzigo unaoning'inia, hupinda kwa unyevu, na kamera ikianguka itamwangukia aliye chini. Mwite fundi wa ujenzi afunge boliti za kupanuka kwenye zege, au aweke bomba linalosimama kutoka sakafuni, na kila kamera iwe na waya wa pili wa usalama.

Vitufe vinatetemeka au vinabadilishana majina

Weka kitufe sakafuni bila mtu chumbani na utazame namba zake. Zikicheza, zima pangaboi kwanza, maana hutikisa dari nzima. Kisha chunguza kama mtetemo unakuja na malori barabarani au watu ngazini. Zikitulia, chumba ni kizima na tatizo liko mwilini mwa mwigizaji: suti iliyolegea, au vitufe vilivyobandikwa kwa ulinganifu kamili wa kulia na kushoto, ambao programu haiwezi kuutofautisha. Sogeza kitufe cha mguu mmoja sentimita 4 au 5 juu ya mwenzake. Vitufe vya mzimu, vinavyojitokeza hewani kwa fremu chache, hutokana na miale ya kamera mbili iliyokutana kwa bahati. Iambie programu ikubali kitufe kinachoonekana na kamera 3 au zaidi.

Mwigizaji akizama sakafuni au kuelea, kagua kipimapembe cha sakafu, kile chenye vitufe kinacholazwa chini ili kuionyesha programu sakafu ilipo: kilikaa juu ya kiungo cha marumaru, au kina skrubu za kusawazisha ambazo hazikuguswa. Rudia hatua hiyo peke yake. Kalibresheni nzima haihitajiki.

Unapomwita mtaalamu

Mpe vitu vinavyomfaa badala ya maelezo ya "haifanyi kazi": namba ya kamera, toleo la programu, matokeo ya jaribio la kubadilishana kebo, hitilafu ya kalibresheni ya mwisho na tarehe yake, picha ya kijivu ya kila kamera chumba kikiwa kitupu, na saa dalili inapoanza. Saa hiyo usiisahau. Mara mbili tatizo la kamera zetu lilitatuliwa kwa simu baada ya mtaalamu kusikia kwamba huanza saa 6 mchana na kuisha saa 8, akauliza dirisha liko upande gani.